Taya la Plasta

"Weka sahihi hapo chini," msimamizi wa kiwanda cha nguo alisema, akiisogeza barua kwa kidole kimoja.

Mama Makasi aliisoma bila kuketi. Ilisema kwamba amekuwa akilala kazini kwa uvivu, ameharibu kola sitini za sare za shule, na anakubali kuhamishwa kutoka meza ya kukatia aende kushona vifungo. Miaka kumi na moja alikuwa mkataji. Wembe wake ulipita kwenye tabaka sitini za kitambaa, na kola ya juu ikafanana na ya chini kabisa. Hata jina alilipata kwenye meza ile.

Kola aliziharibu, hakubisha. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, macho yalimfumbika mashine ya kukatia ikiwa mkononi. Wembe ukaenda upogo, ukasimama karibu na kidole gumba chake. Wenzake walinong'ona kwamba anakunywa. Aliwaacha, maana ukweli aliuonea aibu zaidi: alikuwa anakoroma. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, anakoroma mpaka mumewe kachukua mto wake akahamia sebuleni! Na kila asubuhi aliamka kichwa kizito, kana kwamba hakulala.

Jino ndilo lililomwokoa. Lilivunjika akila mkate, akaenda kwa daktari wa meno, binti wa umri wa kifungua mimba wake. Binti alilishughulikia, kisha akaendelea kuchungulia.

"Mama, meno yako yamelika. Nadhani unayasaga usingizini. Na huku kooni kumebana. Unakoroma?"

"Nani kakwambia?"

"Mdomo wako. Baba nyumbani hajawahi kusema unakata pumzi ukilala?"

Mumewe alishasema mara mbili, naye akamwambia aache uchuro.

Daktari alimtuma hospitali akapimwe usingizi. Ikaonekana pumzi yake inakatika mara nyingi mno. Ndipo binti akachukua vipimo vya meno, akamtengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa akilala, kinacholivuta taya la chini mbele ili koo lisizibe. Siku za kwanza taya liliuma na mate yakamjaa. Mara moja alikitupa chini ya kitanda, kisha akapiga magoti kukitafuta. Wiki ya tatu mumewe alirudi chumbani na mto wake.

"Nakusubiri, mama," msimamizi alisema.

Mama Makasi alifungua mkoba, akatoa taya jeupe la plasta ngumu, ambalo daktari alilitumia kutengenezea kile kifaa kisha akampa, akaliweka juu ya barua.

"Hilo ni nini?"

"Taya langu." Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na mashine za nje zilianza kunyamaza moja moja. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini akapaza sauti. "Nakoroma, bosi. Pumzi ilikuwa inakatika usiku kucha, nikija hapa nimechoka kuliko nilipolala. Ni ugonjwa, na natibiwa. Cheti cha hospitali hiki hapa. Andika hivyo, nisaini hata mara kumi. Uvivu sisaini."

"Hatuna barua ya kukoroma hapa."

"Basi itungeni."

Huko nje mtu alicheka, akajiziba mdomo. Mama Makasi hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake, na mkataji mpya aliyewekwa mahali pake akampisha bila kuambiwa. Akavaa glavu ya chuma, akawasha mashine.

"Sijakuruhusu!" Msimamizi alikuwa amemfuata, barua mkono mmoja, taya mkono mwingine.

"Basi njoo uzime."

Hakuja. Wembe uliufuata mstari wa chaki juu ya rundo la kitambaa, ukazunguka kona ya kola taratibu, ukatoka upande wa pili. Mama Makasi alizima mashine. Akachomoa kola ya juu kabisa na ya chini kabisa, akazilaza moja juu ya nyingine, hakuna ukingo uliochungulia. Akamnyooshea.

"Shika, uangalie mwenyewe."

Mikono ya msimamizi ilikuwa imejaa. Akatazama huku na huku, akitafuta pa kuiweka barua.