Matenga Yaliyovuka kwa Mikono

Wifi yangu si mtu wa kulia. Siku alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mkunga alitoka nje akamwambia kaka yangu kwamba mkewe anauliza kama mbuzi wamefungwa. Kwa hiyo nilipomwona ameketi chini juu ya lami, katikati ya geti la nchi yetu na geti la majirani zetu, mtandio umemwangukia mabegani na machozi yanamchuruzika, nilijua mambo yameharibika.

Tulikuwa na lori zima la nyanya, na giaboksi ilikuwa imekufa.

Nieleze kidogo tulivyofika hapo. Kwetu nyanya huiva zote kwa mpigo. Msimu ukifika, hata ukimgawia jirani bure anakujibu, "Asante, na zangu je, nimpe nani?" Ng'ambo ya mpaka miezi hiyohiyo ni ya jua kali, bustani zimekauka, na nyanya moja inatafutwa kama dawa. Lakini zamani ushuru wa kuvusha ulikuwa mkubwa mno. Afadhali uwape ng'ombe. Kisha serikali mbili zikakubaliana kwamba mazao yanayolimwa pande hizi mbili yapite bila ushuru. Watu wengi waliisikia habari hiyo redioni wakaendelea na shughuli zao. Wifi alizima redio, akaenda kukodi shamba la bondeni.

Kaka alikuwa ameumia mgongo, kazi ya jembe basi tena, nami nikashika nafasi yake. Watu walisema wifi na wifi hawapiki chungu kimoja. Sisi tulipika. Kikiungua tuligombana, halafu tukala hivyohivyo.

Taabu ilikuwa soko la ng'ambo. Wauza nyanya wa kule walitupokea kwa midomo iliyobinuka, na siwalaumu. Malori yetu yalipoanza kuingia bei ilishuka, na wale wachache wenye bustani za kumwagilia wakaumia. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa miraba minne, mwenye sauti ya kuamsha wafu, wakimwita Jenerali. Kivuli cha banda kilikuwa chake na wenzake. Sisi alituonyesha kwenye jua.

"Kaeni pale," alisema siku ya kwanza. "Nyanya si zinapenda jua?"

Wakacheka wote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wifi alitandika turubai lake pale pale. Kidogo kidogo wauzaji wakaanza kununua kwetu kwa jumla, mmoja leo, mwingine kesho. Jenerali alikuwa wa mwisho, na hata yeye alimtuma mtu amnunulie, kisha akapita karibu yetu akiangalia mawingu.

Sasa siku ile. Mkaguzi wa mimea alikuwa ameshaupitisha mzigo. Lori likatoka geti letu, likakohoa, likasimama. Dereva akajipenyeza chini ya lori, akatoka na oili mpaka kwenye nyusi.

"Mama, hii giaboksi ndiyo imekwenda. Gari la kutuvuta litapatikana kesho, Mungu akijalia."

Kesho! Nyanya zilikuwa zimechumwa zikiwa zimeiva barabara, kwa ajili ya soko la siku hiyohiyo, na jua lilikuwa limeanza kupamba moto. Afisa wa forodha wa ng'ambo, kijana mwenye adabu zake, alikuja akatuambia kwamba gari jingine haliwezi kuingia hapo katikati kuhamisha mzigo bila kibali kutoka makao makuu. "Na kibali, mama yangu, hakiji kama mvua ya masika."

Hapo ndipo Wifi alipoketi chini.

"Jasho langu lote limo humu," aliniambia, akilionyesha lori kwa kidevu. "Kaka yako nikamwambie nini?"

Nikavuka kwa miguu, nikaenda sokoni. Kwa nani? Ng'ambo nzima niliyemjua, walau kwa jina la utani, alikuwa Jenerali. Nilimkuta akipanga mafungu ya nyanya zilizokunjamana kama nyuso za wazee. Nikamwamkia, nikaeleza huku nahema.

"Mbona waniambia mimi?" akauliza. "Mimi fundi wa magari?"

"Hapana, mama. Sijui pa kwenda."

Jenerali akakaza leso kiunoni, akaligeukia banda, na ile sauti ikatoka:

"Nyie! Mwenye toroli alete toroli! Asiye na toroli ana kichwa! Nyanya za yule mwanamke zinaungua juani!"

"Si zake?" mmoja akasema. "Sisi zinatuhusu nini?"

"Zisipofika, kesho utauza nini wewe? Meno?"

Wakainuka. Kwanza watatu, halafu banda zima, na vijana wa baiskeli nyuma yao. Getini yule afisa akanyoosha mkono kuwazuia.

"Jamani, mnakwenda wapi?"

"Mwanangu," alisema Jenerali, na ile 'mwanangu' ilikuwa na kofi ndani yake, "si mlituita mkutanoni, mkatuambia kuwa mfanyabiashara mdogo aweza kuvuka kwa miguu na mzigo wake mdogo, mradi autangaze hapo dirishani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi sisi ni wadogo. Au wewe waniona mimi mkubwa?"

Afisa alimpima kutoka juu hadi chini, akauma mdomo asicheke. Akaingia ofisini kupiga simu. Tulisubiri pale, na kila nilipolitazama lori niliona kama nasikia nyanya zikilainika. Alipotoka alikuwa amevua koti la kazi na kukunja mikono ya shati.

"Wamekubali. Ila mwenye mzigo lazima akubali kila mmoja atangaze tenga alilobeba kama lake."

Nikamvuta Wifi pembeni. "Wakiingia nazo vichochoroni, tutawapata wapi?"

"Na zikioza hapa, tutazipata wapi?" akanijibu, akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nakubali."

Dereva akapanda juu akaanza kushusha. Matenga yale, ya fito na nyasi, yalivuka vichwani, kwenye matoroli, nyuma ya baiskeli. Dirishani kila mama alitangaza mzigo wake kwa sauti kana kwamba anatangaza harusi. Tenga moja lilipasuka, nyanya zikabingirika hadi chini ya magari yaliyopanga foleni, na madereva wenye hasira zao za kusubiri wakashuka wakainama kuziokota. Afisa mwenyewe nilimwona amekumbatia tenga kifuani, shati jeupe limeingia wekundu.

Tulipofika sokoni, turubai la juani halikutandikwa. Jenerali alikuwa amesogeza meza zake na kumwachia Wifi kivuli. Wakachambua pamoja: zilizolainika zikauzwa kwanza kwa wenye migahawa, ngumu zikabaki. Jua lilipoanza kushuka, matenga yalikuwa matupu.

Mawili hayakuonekana kabisa. Jenerali alitaka kuwapekua watu wake mmoja mmoja, lakini Wifi alicheka, cheko la mtu aliyetua mzigo.

"Waache, mama. Aliyezichukua naye ana watoto."

Wakaketi kwenye matenga yaliyogeuzwa chini juu. Wifi akamuuliza swali lililokuwa likinisumbua hata mimi: kwa nini?

Jenerali aliivua leso kiunoni akaikunja taratibu. "Ukame wa juzi ulinikausha hata machozi. Bustani yangu ilikuwa vumbi. Nikawa nakaa hapa nauza nyanya zako, nakula kwazo, navisha wajukuu kwazo. Kisha nakutukana kwa mdomo uleule. Nilikuwa naona haya, ndiyo maana sikusalimii."

"Ahsante, mama," Wifi alisema.

"Ahsante ya nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimepona."

Tangu siku ile lori letu halirudi tupu. Udongo wao mkavu unatoa vitunguu vigumu, vyekundu, visivyooza, na vyetu huoza kila mwaka kwa mvua. Wao hutuuzia, sisi tunawauzia. Bei ikitushinda tunabishana mpaka watu wanadhani tunapigana. Na miaka mingine mpaka hufungwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mimea au maneno ya wakubwa, tukaumia wote pande mbili. Lakini sasa tunaumia tukipigiana simu.

Msimu uliopita Jenerali alikuja kwetu kwa mara ya kwanza. Kaka, ambaye mgongo bado unamsumbua, alikataa kungoja kitini. Alitembea kwa fimbo hadi ukingo wa shamba kumpokea, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Dada," alisema, "siku ile sikuwepo. Nilisimuliwa tu. Lakini nyumba hii inakula, watoto wanasoma, na mimi nilikuwa nimelala chali. Sijui nikulipe nini."

Jenerali aliinama kwenye mche uliokuwa karibu, akachuma nyanya moja, akaifuta kwa leso na kuila pale pale, huku amemshika kaka yangu mkono.

"Tamu," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.