Felista Anaiacha Mitungi

Mungaa nzima ilijua kwamba pombe ya Felista haikuwa na mpinzani. Mtama aliuotesha mwenyewe, akauanika, akausaga, na siku pombe ilipoiva, wazee wa kutembelea magongo walifika kwake mapema kuliko vijana. Mumewe, Gaspari, alizoea kutania kwamba alioa mke, akaongezewa na kilabu.

Mwaka uliofuata baada ya watu kuhamia kijiji cha ujamaa, wakati wa palizi, Rahabu, mkwe wa mzee Alute, alikuwa anatoka shambani uchungu ukamshika njiani. Mlango wa karibu ulikuwa wa Felista. Akajifungulia ghalani, katikati ya mitungi, na mtoto akatoka kimya. Felista alimpokea, akabaki amemshika kama mtu aliyepewa kaa la moto, hajui amgeuze huku wala kule. Bahati nzuri bibi Theresia, mkunga wa siku nyingi, alikuwa ameshaitwa. Akaingia anahema, akampangusa mtoto mdomo, akamsugua mgongo, na mtoto akapiga ukelele hata wanywaji waliokuwa nje wakashangilia.

Felista alishangilia pamoja nao, lakini moyo haukutulia. Tangu siku hiyo alikuwa akikoroga pombe huku anawaza: je, bibi Theresia asingefika?

"Baba Martha," alimwambia mumewe, "mimi nataka kusomea uuguzi."

Gaspari aliweka jembe chini. "Kwa umri huu?"

"Umri ndio huuhuu, mwingine sina."

Darasa la nne alikuwa nalo, na kisomo cha watu wazima kilikuwa kimemnoa upya. Basi wakaanza kuulizia. Chuo cha misheni kilitaka darasa la saba na ada ya miaka mitatu. Hapo hata kupiga hodi hapakufaa. Mjini Singida, pembeni mwa soko, wakamkuta Laurian, bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa wakala wa masomo ya posta. Aliwatandikia mezani vijitabu vya ng'ambo na cheti cha mfano chenye muhuri mwekundu, mkubwa kama kisahani.

"Unasomea nyumbani kwako, mama," alisema Laurian. "Pombe yako inaendelea, na cheti kinakufuata mlangoni."

Gaspari aliupenda ule muhuri kupita kiasi. Njia nzima ya kurudi alihesabu wakitundike cheti kwenye ukuta gani. "Nitauza yule mtamba," alisema. "Ng'ombe huzaliwa wengine."

"Mtamba akae kwanza," Felista alijibu. Kijitabu kimoja cha mfano alikuwa amepewa, akakitunza mpaka Dorkas, muuguzi wa wilaya, alipokuja kijijini kuchanja watoto. Akamwonyesha.

Dorkas alikifungua, akasoma kurasa kadhaa, akatabasamu. "Kitabu si kibaya, dada. Lakini mtoto akikataa kulia, utamwandikia barua? Kushika mwili wa mtu hakufundishwi kwa posta."

Felista alicheka, ingawa uso ulimwanguka. "Basi niende wapi mimi nisiye na ada?"

"Njoo kwetu. Hospitali ya wilaya inafundisha wahudumu wa afya wa vijiji. Miezi sita, bure, kula na kulala juu ya serikali. Hutaitwa muuguzi, na cheti chenyewe ni kikaratasi tu. Ila mkutano wa kijiji lazima ukuchague, na ukimaliza urudi uwahudumie."

"Nirudi? Kwani mimi nilikuwa nahama?"

Shida ikawa huo mkutano. Mwenyekiti Samweli alipolitaja jina la Felista, wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakatazamana. Mzee Alute akasimama taratibu.

"Mwenyekiti, mimi sipingi maendeleo. Nauliza tu. Miezi yote hiyo, sisi tutakunywa nini?"

Kicheko kilivuma, lakini vichwa vya wanaume vilikuwa vinaitikia. Felista aliinuka, akakaza kanga yake.

"Shikamoo mzee Alute. Siku mjukuu wako alipozaliwa, mimi ndiye niliyempokea. Pombe yangu siku hiyo ilikuwa nzuri sana, lakini haikumsaidia kitu. Nilisimama pale sijui la kufanya. Sitaki kusimama hivyo tena."

Ndipo Anastazia, jirani yake, akadakia kutoka nyuma: "Pombe nitapika mimi!"

"Wewe?" Alute alishtuka. "Yako ile tuliyokunywa kwenye mavuno?"

Mkutano ukapasuka kwa kicheko, na Samweli, mtu mjanja, akapigisha kura watu wakiwa bado wanacheka. Mikono ikawa mingi. Alute aliupandisha wake mwishoni, anagunaguna.

Kozi haikuwa lelemama. Wiki za kwanza harufu ya dawa ilimkosesha Felista chakula, na alipofunga jeraha mara ya kwanza, bandeji ilimponyoka ikabingirika hadi uvunguni, wodi nzima ikacheka. Akaiokota, akanawa mikono, akaanza upya kwa bandeji nyingine. Wanafunzi wenzake, wengi wao vijana, walimwita mama. Wakati wa kuzalisha walikimbilia kusimama karibu naye, maana mkono wake sasa ulijua la kufanya.

Aliporudi Mungaa, kijiji kilikuwa kimempakia chokaa chumba kimoja karibu na ofisi. Asubuhi ya kwanza alikuta benchi limejaa: kina mama na watoto, mchunga ng'ombe mmoja aliyechomwa na mwiba, na bibi Theresia aliyedai hana ugonjwa wowote, amekuja kukagua.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu tuone walikufundisha nini."

Felista akamvutia kiti karibu na meza, akamimina maji kwenye beseni, akampa sabuni. "Tunaanza kwa kunawa," alisema. Bibi Theresia akakunja mikono ya gauni lake, na mgonjwa wa kwanza akaitwa.