Kura ya Ma Filomèn

Gazetini, Bwana Anatole Rochard, mwenye maduka ya nguo hapa Port of Spain na msemaji wa wafanyabiashara wote, alitangaza: "Kila mtu mzima apige kura. Trinidad imekomaa." Tukampigia makofi, wajinga sisi. Kwenye kamati ya katiba, mlango ulipofungwa, huyo huyo alisimama akataka asiyejua Kiingereza anyimwe kura. Quintin, mjumbe wetu wa makuli wa bandari, alikuwemo ndani. Alitoka akatutapikia yote aliyoyasikia.

Mama yangu, Ma Filomèn, muuza maandazi ya samaki sokoni, alijua Kipatwa tu, Kifaransa chetu cha mitaani.

"Ushuru wangu wanauelewa," akasema. "Mdomo wangu ndio mgumu?"

Basi Jumamosi jioni nikampeleka kwenye hema la kalipso, nyimbo zetu za kejeli. Rochard alikaa mstari wa mbele, kama matajiri wote msimu wa kanivali. Sheria ya hema aliijua: ukiimbwa, cheka au jibu. Ukikimbia, umekwisha.

Nilikuwa nimeshamnong'oneza mwimbaji, Bwana Pilipili. Akamgeukia Rochard, akatunga papo hapo: gazetini asali, kamatini shubiri. Akamalizia, "Haya tajiri, jibu! Au ulimi umeusahau kamatini?"

Rochard akaiva kama kamba wa kuchemshwa. Akainuka. Sasa, hawa matajiri wetu wa asili ya Kifaransa, kama Rochard, wamelelewa na yaya zetu, na hasira huwajia kwa lugha ya yaya. Kikamtoka Kipatwa kitupu, cha jikoni:

"Funga domo lako, mbwa koko we! Mama yako alikuokota jalalani!"

Ma Filomèn akasimama, naye kwa Kipatwa:

"Anatole mwanangu, kaa chini. Kiingereza hujui. Kura huna!"

Kicheko kile sijakisikia tena. Wapiga ngoma walijilaza chini. Jumatatu, wauzaji wake walimwita Kura-Huna kisogoni. Makuli bandarini, usoni.

Kamati ilipokutana tena, Quintin anasema, sharti la Kiingereza lilisomwa na wajumbe wote wakamtazama Rochard. Akainamia viatu vyake. Hakuna aliyeliunga mkono. Likafia pale mezani. Kesho yake gazetini akadai siku zote alikuwa upande wetu. Mwongo! Mimi sisahau.

Siku ya uchaguzi Ma Filomèn alivaa kilemba chake cha harusi. Karani akamwuliza jina kwa Kiingereza. Akajibu kwa Kipatwa, taratibu, kichwa juu, akarudia, akarudia, mpaka karani akaliandika sawasawa.