Bomba ya Manibe

Driciru alikuwa fundi wa bomba za visima, Koboko. Pamoja na Celestina, mfanyabiashara wa Omugo, alisimamia kundi la mtandaoni lenye watu elfu tatu, wote wakiulizana maji yanapatikana wapi na kisima kipi kimeharibika.

Jumatatu akaandika kwa furaha: "Bomba mpya inafunguliwa Ijumaa saa nne, Manibe. Watoto wakae mbali. Mutashangaa nguvu yake!"

Nusu saa haikupita, kundi likafungwa. Ujumbe wa mtandao ulisema: tishio la mlipuko, taarifa imepelekwa serikalini, kama sheria inavyotaka.

Celestina akampigia simu. "Dada, umefanya nini?"

"Mimi nimefunga bomba tu!"

Kesho yake aliitwa Arua, kwenye ofisi inayosimamia mitandao. Alipanda gari la alfajiri. Afisa, Bwana Amandu, alikuwa na taarifa ya mtandao mbele yake, imeandikwa kwa Kiingereza, na hakutabasamu.

"Mama, hii bomba iko wapi?"

"Iko Manibe, mzee."

"Nani alifunga?"

"Mimi mwenyewe, na watu wanne."

Kalamu ilikimbia. "Itafikia watu wangapi?"

"Mia tatu. Na ng'ombe."

Kalamu ikasimama. "Na ng'ombe?"

"Kama iko na subira. Watu kwanza."

Amandu alimkodolea macho. Driciru akachukua karatasi, akachora mpini, bomba na ndoo chini yake. Afisa akaitazama ile ndoo, midomo ikaanza kumtetemeka, kisha akalaza kichwa mezani akacheka mpaka karani akaja kuchungulia.

"Hawa watu wa mtandao!" alisema akipangusa machozi. "Sheria inawapa siku moja kuondoa vitisho, basi wameiachia mashine, na mashine haijui Kiswahili: imesoma bomba, ikadhani bomu. Juzi imemfungia mutu anauza bomba ya baiskeli."

"Sasa mimi nifanye nini, mzee?"

"Sheria hiyohiyo inakupa rufaa. Kaa hapa, tuandike."

Waliiandika pamoja, Driciru akitaja na Amandu akichapa, wakisimama kila mara ili wacheke. Alhamisi mtandao ulijibu, safari hii kwa mkono wa mtu: samahani, kundi limefunguliwa, na tafadhali tutumieni orodha ya maneno mengine yanayoweza kutuchanganya.

Driciru alikuwa sokoni Koboko, spana mkononi, simu ilipoanza kutetemeka bila kukoma. Ujumbe mia nne! Mmoja, aliyekwisha kusikia kisa cha Arua, aliuliza kama ng'ombe wake anaweza kujiandikisha kunywa. Kisha Celestina akapiga, na badala ya salamu akapiga vigelegele.

Driciru naye akavipiga palepale, kati ya mihogo na samaki wakavu. Muuza nyanya akamwitikia, halafu wa vitenge, halafu safu nzima, na hakuna hata mmoja aliyejua wanashangilia nini.