Gari Lililofia Kilimani

Heche alikuja gereji kwangu Nyamisangura, hapa Tarime, asubuhi ya siku ya soko. Hakusalimia. Alisimama mlangoni akasema, "Fundi Oduol, nataka ile injini ya MG ifufuliwe."

Nilikuwa nimelala chini ya pikapu ya mtu. Nilimsikia vizuri, lakini nilimwacha arudie mara ya pili kabla sijatoka.

"Mzee Heche, lile gari limekaa miaka mitatu bila kuguswa, na injini yake ilinoki vibaya. Kwa nini usinunue Land Cruiser kama wenzako?"

"Sitaki Land Cruiser."

"Unataka kuliuza?"

"Nataka limalize safari yake," alisema, akageuza uso kutazama barabara.

Hapo sikuuliza tena, kwa sababu safari aliyoisema niliijua. Tarime nzima iliijua.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu. Nyamongo ilijaa wageni kutoka Geita, Kahama, Kisii na Migori, wakilala chini ya maturubai na kuchimba mchana na usiku. Heche alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata mwamba mzuri. Wenzake walipouza dhahabu walinunua ng'ombe na kuongeza wake. Yeye alivuka mpaka pale Sirari, akarudi na gari jekundu la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa. Ilikuwa MG ya mwaka hamsini na tisa, aliyoipata kwa mjane wa Mzungu mmoja mkulima wa chai huko Kericho. Watu walicheka mpaka wakachoka. Gari lilikuwa chini mno kwa barabara zetu. Kila tuta tumbo lake lilisugua. Lakini lilipopanda kilima cha nyumbani kwake, ng'ambo kidogo ya Nyamwaga, sauti yake ilisikika mpaka bondeni, na hata waliocheka walitoka nje kulitazama.

Aliyelitunza ni mdogo wake, Nashoni. Huyo alijifunza ufundi kwangu kabla dhahabu haijamwita. Alikuwa na mikono mizuri, mtulivu, mtu wa kufunga nati moja na kuikagua kabla ya kushika nyingine. Alioa msichana wa Kijaluo kutoka Shirati, Amondi, na Wakurya wa mji wa Heche walimzoea wakamwita Nyar Shirati, yaani binti wa Shirati, kama tunavyoita sisi Wajaluo wenyewe.

Kisha ikaja siku ile ya mwaka tisini na tatu. Maji ya shimo la jirani yalipasua ukuta yakaingia katika shimo la Heche. Chini walikuwa Nashoni na wachimbaji wawili, Tomaso na Simioni. Pampu ilianza kuvuta maji, halafu mkanda wake ukakatika. Waliokuwa juu waliwasikia wenzao wakiita. Walikuwa wamepanda kwenye ngazi ya mwamba, na maji yalikuwa yakiwafuata polepole. Heche akaruka ndani ya MG, akaja Tarime kutafuta mkanda. Mimi ndiye niliyemtafutia. Hakuzima hata injini. Aliuvaa shingoni akageuza gari.

Hakufika. Kwenye kilima, chini tu ya nyumba yake, injini iligonga mara kadhaa kisha ikakamata, isizunguke tena. Akakimbia kwa miguu njia yote iliyobaki. Alipofika, maji yalikuwa karibu na mdomo wa shimo, na kuta zilikuwa zimeanza kuporomoka. Tomaso na Simioni walitolewa baadaye, wakazikwa kwao. Nashoni hakupatikana.

Ndiyo maana nilipopakia vifaa vyangu kwenda kwa Heche, mke wangu aliniambia nisilale kule. Sikulala. Nilikuwa nakwenda asubuhi na kurudi jioni.

Amondi ndiye aliyenipokea. Alikuwa amekonda, na mtoto wake wa kike, ambaye Nashoni alimwacha tumboni, alikuwa ameshika sketi yake.

"Shikamoo, Baba Akech," aliniamkia kwa jina la mwanangu.

"Marahaba, nyara, binti yangu. Hamjambo hapa?"

"Tupo," alijibu kwa Kijaluo. "Gari liko kule nyuma. Mimi siendi huko."

Lilikuwa chini ya turubai, kwenye banda la mabati. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha abiria. Nilisimamisha magogo matatu, nikafunga winchi ya mnyororo, na kwa msaada wa vijana wa Heche tukaitoa injini ikaning'inia hewani. Nilijaribu kuizungusha kwa spana ndefu nikitumia uzito wa mwili wote. Haikusogea hata unywele.

Vijana walikwenda kula. Heche alikuwa Nyamongo. Nikakaa juu ya debe, injini ikining'inia mbele ya uso wangu, oili nyeusi ikidondoka mchangani. Jua lilikuwa kali, mabati yanatoa mlio wa kupanuka. Hapo nikasikia MG inapanda kilima.

Mimi injini sizichanganyi. Nilisikia dereva akipunguza gia kwenye kona ya mawe, nikasikia kabureta zake mbili zikivuta pumzi, nikasikia tapeti zile zilizokuwa zikitatarika hata nikizirekebisha vipi. Ikapanda, ikapanda. Halafu konrodi, ule mkono wa pistoni, ikaanza kugonga kwa uzito, kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Ikakata. Tairi ziliburuta kokoto. Mlango ukafungwa kwa nguvu, na miguu ya mtu ikapita mbio barabarani kuelekea Nyamongo.

Barabara niliiona yote kutoka pale nilipokaa. Haikuwa na kitu.

Nilipogeuka, Amondi alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, mikono imejaa unga.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia."

Alifumba macho, akapumua. "Basi si mimi peke yangu. Miaka yote nilidhani ni kichwa changu."

"Heche je?"

"Hajawahi kusema. Lakini saa hizi huwezi kumkuta nyumbani. Hata akiwa mgonjwa atajikokota aende mahali."

Nilitaka kufunga vifaa vyangu siku ileile. Nilishika hata mfuko. Kilichonizuia si ushujaa. Mbele yangu kulikuwa na injini iliyoua watu kwa kusimama, na hakuna aliyejua kwa nini ilisimama. Heche aliamini kwamba aliiua mwenyewe kwa kuikimbiza, au kwamba ilipiga jiwe. Lakini chini ya injini nilikuwa nimepapasa pote, na hakukuwa na alama ya jiwe. Fundi hawezi kuondoka kwenye kitu kama hicho.

Kesho yake nilifungua sampu, lile bakuli la chini linalobeba oili. Oili ilikuwa imejaa kiasi chake. Basi haikukauka. Nikaingiza mkono kwenye chujio la pampu, na vidole vyangu vikashika kitambaa.

Kilikuwa kimenyonywa kikaziba chujio lote, kimebana kama ngozi. Nilikivuta taratibu. Mwisho wake mmoja ulikuwa bado umefungwa waya, na waya ule ulikwenda hadi pembeni mwa sampu, kwenye bolti ndogo, ambako mtu alikuwa ameukaza vizuri sana, mizunguko imelala sawasawa. Ndani ya fundo kulikuwa na vipande vya dhahabu iliyokwisha kuchomwa na kusafishwa, vyeusi kwa oili, vizito kiganjani.

Niliufahamu ule ufungaji wa waya. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nilikaa chini. Fundo lilifungwa vizuri, ila kitambaa kilikuwa kirefu kupita kiasi. Ncha yake ililegea kwa joto la oili, ikaelea, ikasogea kila siku kidogo kuelekea pampu. Siku ile, kilimani, gari likikimbizwa kuliko siku zote, pampu ikaivuta. Oili ikakatika. Nashoni alikuwa chini ya ardhi akisubiri mkanda, na kilichouzuia mkanda usifike alikifunga yeye kwa mikono yake.

Nilifikiria kukitupa chooni. Nilifikiria pia kumwambia Heche tu kwamba injini ilikuwa imezeeka. Lakini nilipokiosha kitambaa kwa petroli, yalijitokeza maua ya zambarau, na maua yale nilikuwa nimeyaona. Amondi alikuwa na kanga ya namna ile, imekatwa upande mmoja, ndiyo aliyombebea mtoto.

Nikampelekea jikoni. Sikujua namna ya kuanza, nikamwekea tu mezani.

Alikitazama kitambaa muda mrefu kabla ya kugusa dhahabu. "Nilimuuliza nani amekata kanga yangu," alisema. "Akasema panya."

"Hukujua habari ya dhahabu?"

"Alikuwa akisema tutahama. Tutajenga kwetu Shirati, karibu na ziwa, awe na gereji yake mwenyewe. Nikamwambia, kwa pesa gani? Akacheka." Aliinua uso. "Ilikuwa wapi, Baba Akech?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia. Nilimweleza oili inavyopita, pampu inavyovuta, na kitambaa kilivyofika. Alisikiliza bila kulia, mkono mmoja umekamata ukingo wa meza. Nilipomaliza alisema, "Shemeji lazima ajue. Nitamwambia mimi. Wewe kaa karibu tu."

Heche aliporudi jioni, jua likiwa bado juu ya mlima, Amondi alimkuta bandani akamweleza yote amesimama. Nilidhani atapiga kelele. Heche alikuwa mtu wa sauti. Alichukua kitambaa, akakinusa. Akaenda akaweka kiganja juu ya bloku ya injini ile iliyoning'inia, kama unavyomshika ng'ombe mgonjwa.

"Aliniibia," alisema.

"Ndiyo," Amondi akajibu.

"Angeniomba ningempa."

"Ungempa?"

Heche akakaa palepale kwenye mchanga wenye oili. "Kila mchana namsikia," alisema. "Najisikia mimi mwenyewe, nikikimbia. Nikisikia miguu ile nasema, kimbia Heche, safari hii kimbia zaidi. Na siku zote nachelewa."

Hapo ndipo Amondi alipolia. Nikatoka nje, nikawaacha.

Kesho yake Heche aliniambia niendelee na kazi. Niliipeleka kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, Kisumu kusagwa. Huko huko nikapata pistoni na beringi za Morris Oxford ya zamani, kwa kuwa injini hizo ni ndugu. Mzee mmoja Mhindi alikuwa nazo kwenye masanduku, bado zimefungwa karatasi za nta. Nilisaga valvu kwa mkono, nikakata gasketi mpya, nikaosha kila njia ya oili kwa waya na petroli mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Siku zote hizo gari la mchana liliendelea kupanda kilima na kufa palepale. Sikuzoea. Nilikuwa nikiweka chini spana, nasubiri lipite, kisha naiokota.

Wakati huo Amondi alikuwa akipigana vita yake. Kwetu Wajaluo, mtu akipotea asipatikane, tunazika tunda la yago mahali pake, lile refu linaloning'inia kwa kamba, ili naye awe na kaburi. Wazee wa ukoo wa Heche walikataa. Hiyo si desturi ya Wakurya, walisema, na tunda si mtu. Heche aliwasikiliza hadi mwisho. "Mimi nimeshindwa kumleta nyumbani," akawaambia. "Mke wake ana njia. Mwenye njia nyingine aseme sasa." Hakuna aliyesema.

Injini iliwaka siku ya Jumamosi, kwa mara ya pili ya kujaribu. Niliiacha ingurume hadi ipate joto, nikiwa nimeegemeza sikio kwenye spana. Ilikuwa safi. Heche akaingia, na Amondi akaketi kando yake, yago limelala mapajani limefunikwa kanga. Heche hakwenda moja kwa moja Nyamongo. Aliteremka kwanza kilima, mpaka nisipowaona.

Nilisimama langoni na watu wa mji. Ilikuwa saa ileile ya gari la mchana. Tukasikia wakigeuza bondeni. Gia ikashuka kwenye kona ya mawe, kabureta zikavuta. Nilijikuta nimeshikilia nguzo ya lango. Sauti ikapanda hadi mahali pale ambapo siku zote ilikuwa ikigonga, na mama mmoja kando yangu akaziba masikio.

Ikapita. MG nyekundu ikatokea kwenye vumbi, ikatupita bila kusimama. Heche alikuwa ameinama juu ya usukani, machozi yakimtiririka, na Amondi ameweka mkono wake mgongoni mwake akimwambia jambo ambalo hatukulisikia. Walikwenda hadi shimoni, wakachota udongo wa mdomo wa shimo wakaupaka lile tunda, Amondi akamwita mumewe kwa jina. Jioni tulimzika Nashoni nyuma ya nyumba yake, amefungwa kile kitambaa. Dhahabu haikuingia kaburini. Nchi ile wangemfukua kabla ya mapambazuko. Heche aliigawa kwa wajane watatu, wa Tomaso, wa Simioni, na Amondi, sawa kwa sawa.

Baada ya mavuno Amondi alipita gerejini kwangu akielekea Shirati, mtoto mgongoni. Alikuwa amepata kiwanja karibu na kwao. Nilimpa kiti na soda, nikamuuliza habari za kilimani.

"Kimya," alisema. "Shemeji siku hizi anakula chakula cha mchana nyumbani. Anasinzia hata kwenye kiti."

"Ashukuriwe Mungu."

"Ndiyo." Aliizungusha chupa mikononi bila kunywa. "Baba Akech, naweza kukwambia kitu usinione mwehu? Ile sauti niliichukia. Ilinitoa jasho. Lakini nilipokuwa nikiisikia, kwa dakika ile, mume wangu alikuwa bado hai kule chini, ameshika mwamba, anasubiri. Kila siku alikuwa hai kwa dakika ile. Sasa ni maiti asubuhi, mchana na jioni."

Gari la kwenda Shirati likapiga honi, nikambebea kikapu hadi barabarani.