Mama Mitali Yuko Usawa wa Saa

Alhamisi hiyo, saa nne kasorobo asubuhi, Kokila alikuwa ameketi sakafuni jikoni kwake akisukuma khakhra ya kumi na saba, ile mikate mikavu myembamba ambayo nusu ya mtaa wao wa Ghatkopar waliinunua kwake. Simu alikuwa ameichomeka kiunoni, kwenye mkunjo wa sari, kwa kuwa alikuwa ametoka kumlipa muuza bamia. Siku nyingine simu ile hulala kando ya mto wa mumewe, Dushyant, ili isipotee.

Alikuwa akitafuna kipande kilichoungua, upande wa kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na jino bovu, na jino hilo lilikuwa likisubiri soko la hisa kwa mwaka wa pili sasa. Daktari alitaka rupia elfu tisa alisafishe mzizi na kulivika kofia. Fedha za khakhra zilikuwepo, tena kwenye akaunti yenye jina la Kokila mwenyewe. Ila kila zilipotimia, Dushyant alisema, "Toleo hili la hisa likipita tu, Mama Mitali, tunakwenda kwa daktari." Mitali, binti yao, aliolewa Pune, akazaa, akarudi kuwasalimu, na toleo lilikuwa bado halijapita.

Dushyant hakuomba hisa kwa jina lake peke yake. Kampuni ikitoa hisa mara ya kwanza, waombaji hujaa kuliko hisa na hupigwa kura. Basi mwenye akili huomba kwa jina la mke, la mama, la shemeji, la kila mwenye kitambulisho na pumzi. Kwa kampuni ya Sarsarat, iliyotengeneza programu ya simu ya kuletea watu maziwa kwa dakika nane, Dushyant aliomba mara nne. Kura ilimwangukia Kokila tu: hisa arobaini na nane. Hakuambiwa. Mwenye jina haambiwi. Ni kama kumwambia kuku bei ya mayai.

Saa nne kamili kengele ya soko ikalia kwenye televisheni. Sarsarat ikafungua robo juu ya bei yake ya toleo, na Kokila akanyanyuka hewani kutoka sakafuni vilevile alivyoketi, kibao cha kusukumia kikiwa mapajani.

"Baba Mitali," aliita. "Njoo uzime gesi. Mimi siifikii."

Dushyant alikuja, akazima gesi, akamtazama mkewe, akatazama simu yake.

"Robo," alisema. "Ndiyo. Robo ya chumba."

Akamshika kifundo cha mguu na kumvuta hadi sebuleni, taratibu, akimpitisha chini ya kizingiti cha juu kwa ustadi wa mtu aliyerusha vishada tangu utotoni. Sebuleni, mama yake Dushyant, ambaye jengo zima walimwita Ba, alikuwa kwenye bembea ya mbao na kikombe cha chai.

"Kura ile ilikuwa inijie mimi," alisema Ba. "Mimi mwepesi. Saa hii ningekuwa nimeshagusa dari."

"Mama, zima pangaboi," alisema Dushyant.

Saa tano haikufika kabla nyumba haijajaa. Viatu vilipangana mlangoni hadi kwenye ngazi. Falguni, mke wa jirani wa mlango wa pili, alikuja na kikombe chake mwenyewe, maana alijua vya pale havitatosha. Wasiopata nafasi ndani waliuliza kutoka ngazini, "Mama Mitali yuko wapi sasa?" na waliokuwa mlangoni wakajibu, "Usawa wa saa ya ukutani!" Habari ikashuka ghorofa kwa ghorofa mpaka kwa muuza bamia, aliyeziombea hisa tano za jirani mmoja kana kwamba ni zake.

"Hivi kampuni yenyewe inapata faida?" aliuliza Falguni.

"Haijapata hata ya kununulia kamba ya ng'ombe," alijibu Dushyant.

"Sasa inapandaje?"

"Shemeji, ingekuwa na faida lingekuwa duka. Hii ni teknolojia."

Watu wakaitikia. Sarsarat ikapanda tena, na Kokila akafika usawa wa juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mtu aliyefika tangu lipakwe rangi. Kulikuwa na vumbi, betri mbili, na bahasha yenye muhuri wa daktari wa meno. Ndani yake kulikuwa na picha ya jino lake, ile ambayo Dushyant aliapa kwamba kliniki imeipoteza. Kokila aliielekeza dirishani. Jino lilionekana vizuri sana, na mzizi wake.

"Baba Mitali, jino langu liko huku."

"Eh!" alisema Dushyant. "Kumbe lilikwenda huko."

Mtu mmoja akakohoa. Ba akasimamisha bembea kwa kidole cha mguu, kisha akaiachia tena.

Ilipofika nusu juu ya bei, Dushyant aliona imetosha. Akabonyeza kuuza, na simu ikatetemeka, lakini siyo yake. Ilitetemeka kiunoni mwa Kokila, chini kidogo ya dari.

"Zimekuja namba sita za siri," alisema Dushyant. "Nisomee."

Kokila akatoa simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma ujumbe wa soko, kwa hiyo aliusoma wote, kuanzia juu. "'Mpendwa Kokila, unakaribia kuuza hisa zako arobaini na nane.' Zangu?"

"Hiyo ni lugha ya kompyuta tu."

"Kompyuta imeniita mpendwa."

"Miaka ishirini na saba wewe hujamwita, kaka!" alisema Falguni, na nyumba nzima ikacheka. "Usisome, dada! Shikilia hapohapo!"

Wakati huo wakubwa fulani huko sokoni wakaanza kuuza zao, na Kokila akashuka kiasi cha mkono. Dushyant akaruka. Vidole vyake vikagusa pindo la sari.

"Ruka tena, inashuka!" walishangilia wa mlangoni.

Akaruka tena, lakini bei ilikuwa imejirekebisha.

"Mama Mitali, soma basi," alisema, akihema. "Namba zenyewe zinakufa baada ya dakika."

"Jino kwanza."

"Jino kwanza, naapa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mama yangu! Mbele ya watu wote hawa! Soma, unashuka, hujioni?"

Kokila alizisoma namba sita, moja moja, kama anayemhesabia mteja khakhra. Dushyant akabonyeza. Kokila akashuka wima, akagusa sakafu kwa kidole gumba cha mguu kwanza, akaenda kuwasha gesi. Watu walipiga makofi, wakala jalebi tamu, wakatafuta viatu vyao. Jioni msomaji wa habari alisema wenye hisa wa Sarsarat wamefurahi.

Fedha ziliingia Ijumaa, kwenye akaunti yenye jina la Kokila. Jumanne Dushyant alizitoa kuomba hisa za kampuni inayokodisha miavuli kwa simu.

"Na jino?" aliuliza Kokila.

"Jino lina haraka gani? Toleo linafungwa leo saa kumi na moja. Hii ikipanda nakuvika kofia mbili."

Majirani walikuwa wamekisikia kiapo kwa masikio yao, na mchana huohuo, kabla toleo halijafungwa, wanaume wakaja mmoja mmoja kumwona Dushyant. Walitaka kujua fomu inajazwaje kwa jina la mke.

Ijumaa iliyofuata, saa nne kasorobo, Kokila alizima gesi mapema, akaweka bakuli la khakhra mapajani, akakaa sebuleni kungoja. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Dushyant, na kifungo kimefungwa. Kura safari hii ilikuwa karimu. Kengele ilipolia, Kokila alinyanyuka. Katika madirisha ya jengo la mkabala walionekana wanawake wakielea, huyu juu, yule chini, kila mmoja kwa kadiri ya bahati ya mumewe. Mlango wa Falguni ulikuwa wazi, naye Falguni alikuwa usawa wa kalenda.

"Mwenzangu, simu unayo?" aliita.

"Sina. Wewe?"

"Mfukoni mwa shati."

Ba aliinua uso kutoka kwenye bembea.

"Maadamu uko huko," alisema, "pangusa na hilo pangaboi."

Kokila akavuta ncha ya sari, akayapangusa mapanga yote matatu, moja baada ya jingine, huku akitafuna upande wa kushoto.