Mkalimani wa Mzee

Mzee alikuwa na miaka miwili na ushee. Jina hilo walimpachika kwa ukimya wake, na kwa ile tabia ya kufunga mikono nyuma akikagua mambo ya nyumba. Kusema hasemi. Akitaka kitu atakinyooshea kidole, atoe "mm" moja, basi. Majirani walishaanza maneno yao: mpelekeni mtoto akaangaliwe, msije mkajuta. Mama yake, ambaye ni dobi na hupigia pasi nguo za watu pale pale sebuleni, aliwajibu kwamba kila mtoto na wakati wake.

Wala nyumba haikupata taabu, maana alikuwepo dada yake, Spika. Umri miaka sita, mdomo miaka sitini. "Mama, anasema ana kiu." "Anasema shati hili linamwasha." "Baba, anasema usiondoke." Baba yao, fundi rangi, huvua kofia yake yenye matone akakaa kidogo. Spika aliupenda ukalimani huo kuliko kula. Tangu Mzee azaliwe, mapaja ya mama yalikuwa na mwenyewe, na kumsemea Mzee ndiyo nafasi pekee aliyobaki nayo.

Sasa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Spika akaanza kutia chumvi. "Anasema anataka ndizi." Mama hutoa ndizi, Mzee hulamba ncha akaiweka chini, na Spika huimaliza, eti isiharibike. Mzee hurudi kazini kwake: boksi la sabuni ndiyo pasi, mto wa kochi ndiyo nguo. Hulowesha kidole kwa mate, hugusa boksi kusikiliza kama limepata moto, ndipo apige, kona kwa kona. Paka akilala juu ya mto, naye hupigwa pasi.

Kisha Spika akaanza shule. Asubuhi hiyo alilia mlangoni, na si kwa kuiogopa shule.

"Nani atamsemea?"

"Nenda, mwanangu," mama akasema. "Tutaelewana tu."

Akaenda akigeuka nyuma kila hatua.

Mchana alirudi mbio. Begi halijashuka begani, akamwona Mzee kasimama mbele ya mama, mikono nyuma.

"Anasema anataka ndizi!" akadakia, hata salamu hakuna.

Mzee akamtazama. "Sitaki ndizi," akasema, polepole. "Ndizi mbaya. Nataka maji."

Mama aliangua kicheko mpaka akaiweka pasi chini. "Umesikia hayo? Umetoka tu, kafungua mdomo, na hajaufunga mpaka sasa. Kumbe mwenzako alikuwa anangoja nafasi! Na zile ndizi zote, mama wee, zilikuwa za nani?"

Ulikuwa utani, na mama hakuwa na kinyongo hata chembe. Lakini Spika ulimchoma. Alikwenda kukaa pembeni ya kikapu cha nguo chafu, bado na sare yake ya shule mwilini, akawaza kwamba kazi imekwisha na nafasi nayo imekwisha.

Jioni baba akarudi, akapewa habari, akamrusha Mzee juu na kumdaka. Majirani wakaitwa waje wasikie ile ya ndizi. Walipoondoka ndipo baba akakumbuka.

"Haya, Spika! Shuleni kulikuwaje?"

Spika aliinua uso. Yeye aliyekuwa na maneno ya mwenzake tele, ya kwake hakuyaona.

"Mm," akasema.

"Mm ndiyo nini? Leo spika imeungua?"

Hakucheka. Mzee akashuka mikononi mwa baba, akamwendea dada yake, akasimama mbele yake mikono nyuma. Akamkagua usoni kwa kitambo, kisha akamgeukia mama.

"Anasema anataka kupakatwa."

Spika alitaka kukanusha, akashindwa. Mama akazima pasi, akasogeza mashati ya watu, akaketi na kufungua mikono. Msichana alikuwa amekua. Miguu ilining'inia mpaka sakafuni. Akalia, akalia, hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mzee akaenda kuchukua boksi lake la sabuni. Akaligusa kwanza kwa kidole chenye mate. Kisha akaanza kuipiga pasi sare ya dada yake, pale pale mgongoni.